Daftari la Balozi

Juzi nilipanda daladala ya Kawe pale Morocco. Tumebanana, dirisha halifunguki, na gari linakwenda kwa kusuasua kwenye barabara ya Mwai Kibaki, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Bagamoyo ya zamani. Tulipoingia Mikocheni kondakta akagonga bati: "Warioba wapo?" Kijana niliyekaa naye, begi la kompyuta mapajani, akajibu, "Wapo, shusha." Nikamwuliza kwa utani kama anamfahamu huyo Warioba anayemshukia. Akafikiri kidogo. "Si kituo, babu?" Akateremka.

Sikumcheka. Kwake ni kituo kweli, na ndivyo majina ya watu yanavyoishia mjini. Ila nilibaki na lile jina hadi nafika nyumbani. Jaji Joseph Sinde Warioba aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akawa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, na mwaka 2012 akapewa kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Rasimu yake ilikwama. Na barabara yenyewe imepewa jina la Mwai Kibaki, rais wa Kenya aliyetia saini katiba mpya ya nchi yake tarehe 27 Agosti 2010. Basi abiria wa Mikocheni kila siku wanapita njia ya aliyefika, wanashukia kwa aliyeishia njiani, na nauli ni ileile.

Ningeweza kuanza hapa kulalamika kwamba vijana hawajui historia. Wazee tunalipenda sana lalamiko hilo, hasa tukiwa kwenye foleni ya mambo ya pensheni. Lakini mimi sina haki nalo. Kwa miaka 38, kuanzia 1971 hadi nilipostaafu 2009, nilikuwa mwalimu wa sekondari. Somo langu liliitwa Siasa, halafu likaja kuitwa Uraia. Kama kuna kitu vijana hawa hawakukijua kuhusu madaraka ya nchi na mipaka yake, wazazi wao walikaa mbele yangu, na chaki ilikuwa mkononi mwangu.

Nianze na balozi.

Miaka ya sabini nilikuwa nimepanga Magomeni. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake wa chama, na wa kwetu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa bandari, mtu wa swala tano, mpole, anayekaa barazani kwenye kiti cha uvivu na daftari lake gumu lenye mgongo mwekundu. Humo daftarini ndimo tulimokuwa tunaishi. Ukipata mgeni wa kulala, unampeleka akaandikwe. Ukitaka barua ya kumtambulisha mtoto shuleni, balozi ndiye anaiandika. Mke na mume wakigombana usiku, asubuhi wanakaa kwenye mkeka wake na yeye anatoa hukumu, na mwenye kosa anatozwa. Ada ya chama anakusanya yeye. Na bidhaa zilipoadimika baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni na ule unga wa njano tuliouita yanga vikawa vinagawiwa kwa orodha, orodha ikawa mwake vilevile.

Leo ningekuwa darasani ningesema: huyu mzee alikuwa serikali, mahakama na baraza la kutunga sheria, vyote vimekaa kwenye kiti kimoja cha turubai. Wakati ule hatukuona ajabu yoyote, kwa sababu mzee alikuwa mwadilifu. Sukari haikupungua hata robo kilo. Nakumbuka mwezi mmoja sukari ilikuja pungufu, akaanza kupunguza kwake mwenyewe, wajukuu wake wakanywa chai ya chumvi. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Utamwambia, "Mzee, naomba kuona daftari"? Ungekuwa umemtukana.

Akafariki, nadhani ilikuwa 1982. Daftari likahamia kwa mwingine, nyumba ya tatu. Kiti kilekile, kazi ileile, na mgongo wa daftari ni uleule mwekundu. Miezi miwili haikupita sukari ikaanza kuwa na miguu. Majina ya watu wasiojulikana yakaongezeka kwenye orodha, na aliyeuliza akaambiwa mgeni wake wa mwezi uliopita hakuripotiwa. Tukamchukia yule bwana kwa moyo wote. Tulisema hafai, tulisema hana utu. Nakiri kwamba hakuna hata mmoja wetu, nami mwalimu wa Siasa nikiwemo, aliyesema kwamba tatizo ni lile daftari kukosa mtu wa pili wa kulisoma.

Hicho ndicho kisa cha kizazi changu, nikikifupisha mpaka kikaenea kwenye nyumba kumi. Tulibahatika kupata mtu mwema mwanzoni. Wema wake ukatufanya tuone haya kuweka komeo.

Maana mambo ya juu yalikwenda hivyohivyo. Uhuru wa Tanganyika ulikuja 9 Desemba 1961 na katiba ya mtindo wa Kiingereza, Malkia juu na Waziri Mkuu bungeni. Mwaka mmoja baadaye, 9 Desemba 1962, tukawa jamhuri, na mamlaka ya Gavana Mkuu na ya Waziri Mkuu yakamwagwa kwenye kiti kimoja cha Rais. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini, inayomruhusu Rais kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Hati ya haki za binadamu ikaachwa nje ya katiba. Mwaka 1965 ikaja Katiba ya Muda, na chama kikawa kimoja bara na kimoja visiwani. Sababu tulizopewa zilikuwa na uzito wake: nchi changa, watu wachache waliosoma, na Januari 1964 askari waliasi hapahapa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kukiri kwamba katiba ile ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Sisi tulilichukua neno hilo kama sifa. Tulisema: mnaona? Anayo madaraka hayo na hayatumii vibaya.

Alikuwa anaishi Msasani, ukivuka tu kutoka huku kwetu. Watu wa Mikocheni walimwona. Ni vigumu kumwogopa mtu unayemwona.

Mwaka 1975 katiba ikabadilishwa ili shughuli zote za siasa nchini ziwe chini ya chama. Tuliita chama kushika hatamu. Nilikwenda darasani nikaandika maneno hayo ubaoni kwa herufi kubwa. Nikaeleza kwamba Serikali ni chombo cha chama, Bunge ni kamati ya chama, na kwamba mambo ya kugawanya madaraka ni anasa ya mabepari wanaoviziana. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye macho ya kusinzia ambaye sikumdhania, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na hatamu za chama anashika nani?"

Nilimpigisha magoti hadi kengele ilipolia. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu. Simkumbuki jina.

Nisingependa msomaji afikiri nilikuwa natekeleza amri tu. Niliamini. Ushahidi ni mwaka 1983. Machi ya mwaka ule ilianza kamatakamata ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Maduka yalikuwa matupu na watu wamechoka kupanga foleni, kwa hiyo tulipoona wakubwa wa magendo wanabebwa tulishangilia barabarani. Usiku watu walitupa mali kwa hofu. Nilipita asubuhi moja bonde la Msimbazi nikaona maboksi ya sabuni yamefumuka kwenye tope, povu linaelea, watoto wanaokota. Nikacheka. Nikaenda shule nikawasimulia wanafunzi kama habari ya ushindi.

Nilichowaficha, kwa kuwa nami sikutaka kukitazama, ni kwamba watu walikamatwa kwanza na sheria ikatungwa baadaye. Bunge lilipitisha sheria ya uhujumu uchumi mwezi Aprili, ikarudishwa nyuma ili iwanase waliokwishakamatwa. Kesi hazikwenda mahakama za kawaida. Liliundwa baraza maalumu, jaji mmoja na watu wawili wasio mahakimu. Dhamana ilizuiwa, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu. Mwaka uliofuata wenyewe wakaona wamezidisha, wakatunga sheria nyingine na kurudisha kesi hizo kwenye mkondo wa mahakama. Katika wale waliosombwa walikuwemo wezi, hilo silipingi hata leo. Lakini alikuwemo pia fundi cherehani wa jirani yetu aliyekutwa na majora manne ya kitambaa. Alikaa ndani miezi mitano, akatoka amenyong'onyea, akauza mashine. Mkewe aliacha kuniamkia. Alijua nilichokuwa nawafundisha watoto.

Miezi michache mbele, Januari 1984, Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, aliondoka madarakani katika kikao cha chama Dodoma kwa sababu ya mawazo yake juu ya muundo wa Muungano. Si Bunge lililomwondoa, si mahakama wala wapiga kura. Katiba yetu ya 1977 ina Mahakama Maalumu ya Katiba kwa ajili ya ugomvi wa namna hiyohiyo kati ya serikali mbili, wajumbe nusu kwa nusu. Mahakama hiyo ipo kwenye karatasi mpaka leo na haijawahi kukaa hata siku moja. Haina jengo, haina karani, haina hata muhuri. Nimewahi kuwapa wanafunzi swali la mtihani juu yake na wote wakapata.

Hata hivyo mwaka huohuo wa 1984 ndipo mambo mawili mazuri yalipoingia katibani. La kwanza ni hati ya haki za binadamu, ingawa Serikali iliomba miaka mitatu ya kujitayarisha kabla watu hawajaruhusiwa kuipeleka mahakamani. La pili ni ukomo wa urais: vipindi viwili vya miaka mitano, basi. Watu wa pwani husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sisi tuliutengenezea mchongoma wetu ngazi, na nitasema bila kusita kwamba ndicho kitu bora kuliko vyote kizazi changu kilichowaachia hawa. Mwinyi alishuka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Jirani zetu Uganda waliing'oa ngazi yao mwaka huohuo wa 2005. Na Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki, makamu wake aliapishwa siku mbili baadaye, nchi ikaendelea kuuza na kununua. Katiba inapofanya kazi haina kelele.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka kuuliza: chama kimoja au vingi? Kiasi cha watu wanne katika kila watano walisema kimoja kinatosha. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanne. Nilisimama, nikajieleza vizuri, nikapigiwa makofi. Tume ikapendekeza tuwafuate wale wachache, ikaorodhesha na sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa, na kuanzia Julai 1992 vyama vingi vikarudi. Sijui kama kuna fedheha tamu kuliko kushindwa na watu wachache ambao walikuwa sahihi.

Ndipo Siasa ikawa Uraia. Nikafuta ubao. Nikaandika "Mihimili Mitatu ya Dola" kwa mwandiko uleule na uhakika uleule, nikawaambia habari za Mfaransa Montesquieu na kitabu chake cha 1748, wakakariri jina lake kwa ajili ya mtihani. Kwa mfano wa kinyumbani nilichora mafiga matatu na chungu juu: Serikali, Bunge, Mahakama. Figa moja likitambaa, chungu kinapinduka. Nilijivunia sana mchoro ule. Halafu zikaja kampeni za uchaguzi, na chama tawala kikawaomba watu mafiga matatu, yaani Rais, mbunge na diwani wote wa kwake. Wanafunzi wakanitazama, mimi nikatazama dirishani.

Kwa sababu ukiisoma katiba yenyewe, mafiga yetu yamechongwa karibu kutoka mwamba mmoja. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Mawaziri ni lazima wawe wabunge, kwa hiyo anayesimamiwa anakaa benchi moja na msimamizi wake, tena benchi la mbele. Rais anaweza kuteua wabunge hadi kumi. Akikataa kutia saini muswada na Bunge likaurudisha kwake kwa theluthi mbili, ana njia mbili, aukubali au alivunje Bunge. Mbunge akifukuzwa na chama chake anapoteza kiti, hata kama wananchi wake bado wanamtaka. Na ibara ya 41 inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi huo. Linganisha na Nairobi, tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walipofuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Siku ile nilikuwa kwa kinyozi hapa Mikocheni. Kinyozi alizima mashine, nikakaa nimenyolewa nusu kichwa, tukisikiliza redio ya watu wengine.

Lakini hadithi ninayoona inafundisha kuliko ibara zote ni ya Mchungaji Christopher Mtikila. Wengi tulimchukulia kama mtu wa vurugu, na maneno yake mengine yalikuwa makali kupita kiasi, siyatetei. Alichokuwa anadai mahakamani ni kitu chepesi: Mtanzania aruhusiwe kugombea bila kuwa na chama. Oktoba 1994, Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki. Desemba hiyohiyo Bunge likapitisha mabadiliko ya katiba kuzima alichosema jaji. Ni kama mcheza bao aliyeona anafungwa, akachota kete zote na kusema tunaanza upya, kwa sheria hii mpya.

Mtikila hakuchoka. Alirudi, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakamkubalia tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikasema hilo ni jambo la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge, na mahakama haiwezi kuifuta ibara ya katiba yenyewe. Nilikasirika wakati ule. Nikasema majaji wameogopa. Miaka miwili baadaye Ramadhani huyohuyo akawa makamu wa Warioba kwenye Tume ya katiba, na rasimu yao ikaruhusu mgombea huru. Ndipo nilipoanza kumwelewa tofauti. Alipokuwa kwenye kiti cha ujaji alikataa kufanya kazi ya watunga katiba, na alipopewa kazi ya watunga katiba aliifanya. Unaweza kubishana na hukumu yake, nami bado nabishana nayo, lakini huyu ni mtu aliyejua kiti chake kinaishia wapi. Balozi wetu wa kwanza, pamoja na uchaji wake wote, hakuwahi kujiuliza swali hilo.

Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda Juni 2013. Akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Tangu hukumu ile mgombea huru hajaonekana kwenye karatasi ya kura. Na mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lililokuwa linaruhusu mtu binafsi wa Tanzania kwenda kwenye mahakama ile moja kwa moja.

Rasimu ya Warioba sitaieleza yote. Watu wanakumbuka serikali tatu tu, kwa kuwa ndizo zilizoleta kelele. Mimi nilivutwa na mambo madogo: mawaziri wasiwe wabunge, Spika asiwe mbunge, matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani, wananchi waweze kumrudisha mbunge wao nyumbani kabla ya muda. Ilikuwa inaweka mtu wa pili wa kusoma daftari, kila mahali palipokuwa na daftari. Ikapelekwa Dodoma, Februari 2014, mbele ya Bunge Maalumu lenye wabunge wote, wawakilishi wa Zanzibar, na watu 201 wa kuteuliwa. Yaani tuliwaita wenye daftari waamue kama lisomwe. Wiki za kwanza ziliishia kwenye posho na kwenye ubishi wa kura ya siri au ya wazi. Aprili upinzani ukatoka nje. Tarehe 2 Oktoba waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa, tofauti kabisa na ile ya Tume, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haijafanyika mpaka leo.

Wala nisimpe Rais na ibara za katiba lawama zote. Bunge hilihili la benchi moja, Februari 2008, lilisomewa ripoti ya kamati yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mikocheni nzima ilikuwa imekaa mbele ya televisheni, na wauza chipsi walihamishia vibanda vyao karibu na madirisha. Ibara zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni Spika aliyekubali mjadala na macho ya watu. Mwaka 2016 matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yalipokatwa, nilisikia watu wakilalamikia gharama na ratiba, mimi nikakumbuka lile daftari la mgongo mwekundu.

Nilihamia Mikocheni 1986, kwenye kiwanja nilichogawiwa nikiwa bado mtumishi kijana. Mikoche iliyoupa mtaa jina ilikuwa ingalipo, mirefu, na watoto wakiokota makoche na kuyaguguna. Uzio wetu ulikuwa wa michongoma, jirani anachungulia anaona umepika nini. Leo mikoche imekwisha na kila nyumba ina ukuta wenye waya wa umeme juu na mlinzi getini. Sisi ni watu tunaojua sana kuweka uzio, tatizo ni mahali tunapouweka.

Mwaka jana mtaa wetu, jina kapuni, uliitisha mkutano. Viti vya plastiki chini ya mwarobaini, turubai limefungwa kwenye nguzo ya umeme. Tulikuwa kama sitini, na walio chini ya miaka thelathini nikawahesabu wanne. Wenzao wote wako kwenye simu wanaitukana Serikali kwa ufasaha mkubwa, ila mkutano wa mtaa kwao ni jambo la babu na bibi. Ajenda ilikuwa fedha za ulinzi shirikishi, elfu kumi kila nyumba kila mwezi. Mwenyekiti alisoma jumla, akasema zimetumika zote, akashukuru kwa ushirikiano. Tukaanza kupiga makofi.

Binti mmoja akasimama, anauza vipodozi pale barabarani, amefunga kilemba cha kitenge. "Shikamooni wazee. Mwenyekiti, naomba yasomwe mapato na matumizi, mwezi kwa mwezi. Na daftari tulione."

Kukawa kimya. Mwenyekiti hakukasirika, ni mtu mwema, namjua tangu anasoma shule ya msingi, alibeba jeneza la mke wangu. Aliumia. Nilimwona usoni ameumia, kama mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe. Akanigeukia mimi, mkubwa kuliko wote pale. "Mwalimu, tusaidie hapa."

Na mimi nikasimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamekaa hapo tangu Magomeni: binti yangu, tuheshimiane, huyu ni kiongozi wetu. Nilikwisha kutamka "Binti yangu." Akanitazama bila ukali, anasubiri, na sijui kwa nini nikamkumbuka yule mwembamba wa kidato cha tatu mwenye macho ya kusinzia.

"Daftari liko wapi?" nikamwuliza Mwenyekiti.

Likawa nyumbani kwake. Akatumwa mwanawe kwa pikipiki. Tulisubiri karibu dakika arobaini, watu wakanywa kahawa, wawili wakaaga. Lilipoletwa ni kaunta buku jipya tu, jalada la bluu, kona zimekunjika. Binti akalipokea kwa mikono miwili, akafungua, akageuza kurasa mbili tatu, akanipa.

"Soma wewe Mwalimu, una sauti."

Nikapapasa mfuko wa shati kutafuta miwani.